Acheni Kuniambia Habari za Asili

Kuna neno moja ambalo likitamkwa mbele ya tangi la nyoka, masikio yangu huanza kuwasha. Neno hilo ni "asili". "Kwa asili yake anakula samaki," anasema mtu, huku akimdondoshea nyoka wake samaki wa dhahabu wa tano wiki hiyo. "Kwa asili yake analala wakati wa baridi," anasema mwingine, huku akilibeba tangi kulishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba mwezi Novemba. Wote wawili wamesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeshaua nyoka wengi kuliko ukatili wowote ninaoufahamu. Mkatili hujulikana na watu humkemea. Anayeua kwa jina la asili hupewa pole.

Ninaandika nikiwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, Kanada, ninakosomea shahada ya uzamili ya baiolojia. Nyoka ninayemzungumzia anaitwa gata. Jina lake limetokana na ule ukanda wenye mistari ambao zamani watu waliufunga mguuni ili soksi isishuke. Ni mwembamba, ana mistari myepesi inayoteremka kutoka shingoni hadi mkiani, na jamaa zake wameenea kutoka Kanada hadi Amerika ya Kati. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Mate yake yana sumu hafifu ya kumtosha chura. Binadamu akiumwa, mara nyingi huishia kuwashwa na kuvimba kidogo. Kwa sababu hizo, na kwa sababu bei yake ni ndogo, ndiye nyoka wa kwanza wa watoto wengi wa huku. Hiyo bei ndogo ni sehemu ya kesi yangu.

Mimi ninaye mmoja, jike, urefu wake kama mkono wangu. Na Jumamosi najitolea kwenye kituo kidogo kinachopokea wanyama ambao wenyewe wamewashindwa. Kwa hiyo hoja zangu hazikutoka vitabuni tu.

Tuanze na hiyo asili yenyewe, maana wanaoitaja sana ndio waliowahi kuitazama kidogo. Haiko mbali na hapa. Ukitoka Winnipeg ukaelekea kaskazini, kwenye eneo lililo kati ya maziwa makubwa ya Manitoba, utafika mahali panapoitwa Narcisse. Ardhi ya pale ni mawe ya chokaa yenye nyufa na mashimo yanayoshuka hadi chini ya kina ambacho udongo huganda. Kila majira ya kipupwe, makumi ya maelfu ya gata hurudi kwenye mashimo hayo kutoka mabwawani, wengine wakisafiri kilomita kumi na zaidi, na kukaa humo mpaka mwisho wa Aprili au Mei. Wanapotoka, madume huwa wengi kiasi kwamba jike mmoja huzongwa na kundi zima, wakawa kama mpira wa kamba zinazocheza. Watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuona.

Hiyo ndiyo picha ya kwenye kadi za posta. Picha nyingine haichapishwi. Mwaka 1999 makumi ya maelfu ya nyoka hao walikufa kwa sababu ya baridi kali, kabla hawajafika kwenye kina kilicho salama. Tena barabara kuu namba 17 inapita kati ya mabwawa yao na mashimo yao, na magari yalikuwa yakiwasaga kila msimu, hadi zikajengwa uzio na vichuguu vidogo chini ya lami ili wapite. Asili iliwaua kwa maelfu bila kumwomba mtu radhi. Haina mkataba na nyoka mmoja mmoja. Inacheza na idadi: wakifa elfu, watazaliwa wengine. Wewe mwenye tangi sebuleni huna elfu. Unaye mmoja, na pengine mwanao ameshampa jina.

Sasa chakula.

Samaki wa dhahabu, wale wekundu wanaouzwa kwa bei ya peremende, wana ndani yao kimeng'enya kiitwacho thiaminasi. Kazi yake ni kuivunja thiamini, yaani vitamini B1. Nyoka anayelishwa samaki hao wiki baada ya wiki huishiwa B1 polepole, na mishipa yake ya fahamu huanza kushindwa. Dalili ya kwanza mara nyingi haionekani na mwenye nyoka: mnyama anakosa shabaha, anakiuma chakula pembeni. Baadaye kichwa kinatetemeka. Mwishowe ukimgeuza chali, anabaki chali. Nyoka mzima hawezi kuvumilia kulala chali hata sekunde chache. Kujigeuza ni jambo la mwili wake wote. Kituoni nimemshika nyoka aliyekuwa amelala kiganjani mwangu tumbo juu, akijikunja kama uzi uliokatwa, huku mwenyewe akituambia kwa uhakika kwamba mnyama amekula vizuri miezi yote. Alikuwa hadanganyi. Alikuwa amekula kila wiki, na kila mlo ulimpunguzia siku.

Hili si jambo jipya. Katika miaka ya 1930, kwenye mashamba ya manyoya huko Minnesota, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa jimbo hili, mbweha waliolishwa samaki wabichi walipooza na kufa, na uchunguzi ukaelekea kwenye samaki hao. Kabla ya hapo, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa kule Java wakilegea miguu baada ya kulishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe kabisa; kazi hiyo ilisaidia kufumbua ugonjwa wa beriberi, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Karibu karne moja imepita. Na bado mimi nasimama mbele ya kijana dukani, duka ambalo silitaji, ananiambia samaki wa dhahabu ni "chakula bora cha gata, hata porini wanakula samaki".

Porini wanakula samaki, ndiyo. Wanakula pia vyura, viluwiluwi, nyungunyungu, konokono wasio na magamba, na panya wadogo wakiwapata. Leo hiki, kesho kile. Na samaki wenyewe wa porini si wa aina moja. Wengine wana thiaminasi, wengine hawana. Utofauti huo ndio unaomlinda. Ukiutoa ukambakizia samaki mmoja wa bei rahisi, hujamlisha chakula cha asili. Umechukua ukurasa mmoja wa kitabu ukadai umekisoma chote.

Wengine hujitetea kwamba wao hununua samaki walioganda. Kuganda hakukivunji kimeng'enya hicho. Joto la kupika hukivunja, lakini hupunguza pia thiamini uliyotaka kuiokoa. Njia nyepesi ni kuacha samaki wa aina hiyo na kutumia wasio na tatizo. Na hapa mimi, mtoto wa Mwanza, napata raha ndogo: miongoni mwa samaki wanaoaminika kwa kazi hii ni jamii ya sato na perege. Minofu peke yake haina kalsiamu ya kutosha kwa kuwa haina mifupa, kwa hiyo isiwe mlo wa kila siku. Msingi ulio bora kuliko yote ni panya wadogo waliouzwa wakiwa wameganda, wakayeyushwa na kupashwa joto kidogo, kwa sababu panya mzima ana mifupa, ini na kila kitu. Gata wengi huwakataa mwanzoni. Msugulie panya huyo nyungunyungu au kipande cha samaki, harufu imwingie, na uwe na subira, wengi hukubali. Nyungunyungu wakubwa wa chambo ni wazuri, ila wasitoke kwenye bustani iliyopuliziwa dawa. Wale wadogo wekundu wa kwenye mboji usiwape, maana wana majimaji yanayomdhuru nyoka, na mara nyingi huwatapika. Watoto wa gata hula mara mbili kwa wiki, wakubwa mara moja kwa siku tano hadi saba.

Nimemaliza. Aya moja inatosha kumlisha nyoka huyu ipasavyo. Ndiyo maana sikubali kisingizio cha "hatukujua" kutoka kwa anayeuza. Mnunuzi anaweza kuwa hajui. Mtu anayetia samaki wa dhahabu na gata kwenye mfuko mmoja na kupokea pesa ana wajibu wa kujua.

Nije kwenye baridi, ambako ubishi ni mkali zaidi, na ambako wapinzani wangu si wavivu. Wengi wao wanawapenda nyoka wao. Wamesoma kwamba gata hukaa chini ya ardhi miezi mingi, wakahitimisha kwamba kumnyima baridi ni kumnyima sehemu ya uhai wake. Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo nitaijibu taratibu.

Baridi inafanya nini hasa ndani ya gata? David Crews wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake waliwachunguza nyoka hawa wa Manitoba kwa miaka mingi. Walichokikuta kilishangaza: kwa wanyama wengi dume hutongoza homoni zake za kiume zinapopanda, lakini dume la gata wa huku huanza kutongoza linapopata joto baada ya baridi ndefu, hata homoni hizo zikiwa chini. Kwa maneno mengine, baridi ni ufunguo wa uzazi. Anayetaka nyoka wake wazae ana sababu ya kuwapoza. Mtoto wa miaka kumi mwenye gata mmoja kwenye tangi hana uzazi wowote anaoufungulia mlango. Jike wangu hajapozwa hata msimu mmoja. Anakula, anajivua ngozi nzima bila kukatika, na Januari, nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, yeye amejinyoosha chini ya taa.

"Lakini anahitaji kupumzika," huniambia. Kupumzika kutokana na nini? Kule Narcisse nyoka haendi shimoni kwa likizo. Anakwenda kwa sababu juu kuna kifo. Baridi ya shimoni ni baridi anayoikubali ili aikwepe iliyo mbaya zaidi. Kumtoa mnyama kwenye joto salama na kumpa dhiki ambayo jamaa zake huivumilia kwa kukosa njia nyingine, kisha kuita dhiki hiyo haki yake, ni mantiki ambayo hatungeikubali kwa kiumbe mwingine yeyote. Hakuna anayesema mbwa apewe wiki mbili za njaa kwa sababu mbwa mwitu hupata njaa.

Jambo moja nalikubali. Wako gata, hasa madume, ambao ikifika Novemba hugoma kula hata kama taa inawaka. Kwa huyo, kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, maana kugoma kula ni dalili ya mengi. Kisha pima joto la tangi, upande wa moto uwe karibu nyuzi 30 na upande wa pili nyuzi 22 hivi, na urefushe saa za mwanga. Akiwa mzima, mnene, mtu mzima, na bado hataki kula, hapo kumpoza ni uamuzi wa busara. Sipingi baridi. Napinga baridi ya kubahatisha.

Maana baridi ya kweli ina masharti, na hayana mzaha. Kwanza unaacha kumlisha kwa wiki mbili hivi huku ukimwachia joto, ili tumbo liwe tupu. Nyoka husaga chakula kwa joto la nje. Akipozwa na chakula tumboni, chakula kinaozea humo humo. Kisha unashusha joto kidogo kidogo kwa siku nyingi mpaka ufike kati ya nyuzi 7 na 12, na unabaki hapo, gizani, kwa miezi miwili au mitatu. Maji safi yawepo wakati wote, kwa sababu wengi hufa kwa kiu kabla ya njaa. Unampima uzito kila baada ya wiki moja au mbili. Akipungua kwa kasi, unamrudisha kwenye joto na jambo limeisha. Mwisho unapandisha joto polepole kama ulivyolishusha, na humpi chakula mpaka awe na joto kamili kwa siku kadhaa. Mgonjwa, aliyekonda na mtoto hawapozwi kabisa.

Sasa linganisha na kinachofanyika. Tangi linashushwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Hakuna kipimajoto. Chumba cha namna hiyo hapa Winnipeg kinaweza kukaa nyuzi 16 au 17 msimu mzima, kwa sababu tanuri la nyumba liko humo humo. Nyuzi 16 si joto wala si baridi. Mwili wa nyoka unaendelea kuunguza mafuta yake, lakini hauna moto wa kutosha kusaga chakula. Hajalala, hajaamka. Anakonda taratibu, na mwenyewe anapita kwenye ngazi akisema, "Tusimsumbue, amelala." Machi ikifika wanafunua kifuniko. Wakati mwingine kituo chetu hupigiwa simu. Wakati mwingine haina haja ya kupiga.

Najua sauti nyingine itakayotoka kwa wasomaji wa nyumbani, kwa sababu nimeshaisikia kwenye simu. Mjomba wangu wa Mwanza alinipigia mwaka jana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi ni kweli nilivyosikia, kwamba umevuka bahari kwenda kulea nyoka?"

"Ni nyoka mdogo, mjomba. Hana neno."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka. Anakula nini?"

"Panya. Nyungunyungu. Mara moja moja sato."

Kukawa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Sato," alisema. "Huku sato tunamnunua kwa kujipanga."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani hoja ya mjomba ni ya kuchekwa. Ni fedheha kwamba nyoka wa Winnipeg ale samaki ambaye mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria anamfikiria mara mbili. Lakini fedheha hiyo haiondoki kwa kumlisha nyoka vibaya. Nyoka wa kufugwa ni anasa, na anasa ilipiwe bei yake yote: chakula sahihi, taa, kipimajoto, daktari. Asiyeweza au asiyetaka kuilipa ana njia rahisi sana, na ni bure kabisa: asifuge. Jambo lisilokubalika ni kuichukua anasa na kumtwisha mnyama gharama yake.

Mjomba mwenyewe alilisema hilo kabla hajakata simu, na kwa lugha ya banda la kuku. "Kuku anayezurura hujitafutia. Ukishamfungia, ni wewe unayemtafutia. Basi mlishe huyo mdudu wako." Wafugaji wa hapa wenye matangi ya mamia ya dola wangefaa kukaa na mjomba nusu saa. Kuku wa kienyeji anachakura wadudu, majani, mchanga, punje. Ukimtia bandani ukampa pumba tupu, huwezi kusema kwamba kuku kwa asili hula pumba. Ulipofunga mlango ulichukua kazi ambayo ilikuwa ya shamba zima.

Mlango wa tangi ni mlango ule ule. Gata wa Narcisse ana bwawa la kuchagua chakula na shimo la kuchagua kina. Ikizidi baridi, anashuka. Gata wa sebuleni anapata kile tu ulichomwekea, kwenye joto ulilomwachia. Hawezi kulia. Hana kope za kufumba wala sauti ya kukuita. Atakula samaki wa dhahabu kwa hamu hadi wiki ile atakaposhindwa kujigeuza, na atakaa kwenye nyuzi 16 bila kulalamika hadi aishe.

Kwa hiyo, ninyi mnaouza: ondoeni samaki wa dhahabu kwenye rafu ya chakula cha nyoka, leo, na muandike kwenye kila tangi la gata mambo matatu: anachokula, joto lake, na kwamba halazimiki kupozwa. Ninyi mnaofuga: nunueni kipimajoto kabla ya Novemba, na mzani wa jikoni. Kama nyoka wako ameishi kwa samaki wa dhahabu, badilisha chakula wiki hii, na umpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mzima. B1 ya sindano ikiwahi, wengi hupona. Kama tayari umeshamshusha chini, teremka sasa hivi ukaangalie maji yake.